Picha za Mifupa na Watu Wazisomao

Wasomaji wetu, mtu aliyepata kuvunjika mkono akapelekwa hospitali kubwa huijua mashine ya eksirei. Hulazwa mezani, huambiwa atulie, na baada ya kitambo kidogo mifupa yake huonekana kama miti ya nyumba isiyokandikwa. Wengi hudhani kwamba mashine ndiyo itambuayo ugonjwa. Sivyo. Mashine hutoa picha tu, na picha ni kama barua: isipompata ajuaye kusoma, ni karatasi tupu. Basi leo twapenda kueleza habari za picha hizi tangu mwanzo wake, tuone jinsi mashine zilivyotangulia mbio, na watu wa kuzitumia wakafuata nyuma kwa taabu.

Mwanzo wake ulikuwa katika mji wa Würzburg, nchi ya Ujerumani. Tarehe 8 Novemba 1895 mwalimu wa chuo kikuu, Wilhelm Conrad Röntgen, alikuwa akipitisha umeme katika bomba la kioo lililofunikwa kwa karatasi nene nyeusi. Akaona ubao uliopakwa dawa, uliokuwa mbali kidogo, unang'aa gizani. Hakutangaza neno. Alijifungia akapima na kupima kwa majuma kadhaa, na tarehe 22 Desemba akaupiga picha mkono wa mkewe. Ikaonekana mifupa ya vidole, na pete juu yake. Kwa kuwa hakujua mionzi ile ni ya namna gani, aliiita X, kama walimu wa hesabu waitavyo kiasi kisichojulikana. Mwaka 1901 alipewa tuzo ya kwanza ya Nobel ya elimu ya fizikia. Wala hakutaka hati ya kuwazuia wengine wasitumie uvumbuzi wake. Kwa hiyo ulienea upesi sana, na katika mwaka 1896 waganga wa nchi nyingi walikuwa wameanza kuutumia.

Haukukawia kufika Afrika. Mwaka 1898, majeshi ya Waingereza na Wamisri yalipopigana huko Sudan, mganga wa jeshi aitwaye John Battersby alichukua mashine mbili akapanda nazo mto Nile. Joto lilikuwa kali mno, na umeme haukuwapo. Akatumia baiskeli ya watu wawili: askari waliikanyaga, gurudumu lake likazungusha mashine ndogo ya kutoa umeme, nao umeme ukahifadhiwa katika betri. Baada ya vita vya Omdurman waliletwa kwake Waingereza 121 waliojeruhiwa. Katika hao, 21 hawakuweza kujulikana kwa njia za kawaida kama risasi imo mwilini au haimo. Kwa mionzi aliwatambua 20. Yule mmoja aliyebaki alikuwa mgonjwa mno hata asiweze kupigwa picha. Na tuangalie neno hili: kazi ile haikufanywa na mashine peke yake. Walikuwapo waliokanyaga baiskeli hata jasho likawatoka, na alikuwapo mmoja aliyejua kusoma alichokiona.

Walakini watu wa kwanza wa kazi hiyo waliilipa kwa miili yao, maana mionzi haionekani wala haiumi siku ile ipigayo. Huko Marekani Clarence Dally, msaidizi wa Thomas Edison, alizoea kuijaribu mionzi kwa mikono yake mwenyewe. Ngozi iliungua, vidonda vikageuka saratani, akakatwa mikono, na mwaka 1904 akafa, umri wake miaka 39. Edison aliogopa, akaiacha kazi hiyo. Mwaka 1936 katika mji wa Hamburg lilisimamishwa jiwe la ukumbusho, nalo liliandikwa majina 169 ya watu wa mataifa 15 waliokufa kwa ajili ya mionzi. Kabla ya hapo, mwaka 1928, waganga waliokutana Stockholm walikuwa wameunda kamati ya kimataifa ya kuweka kanuni za kujikinga. Ndiyo sababu leo mpiga picha husimama nyuma ya ukuta au ngao ya risasi, na huwauliza wanawake kama wana mimba.

Vita Vikuu vya mwaka 1914 vilionyesha upungufu mwingine. Marie Curie, mwanamke mwenye elimu kubwa aliyekaa Ufaransa, aliona kwamba mashine zilikuwa mjini, na majeruhi walikuwa mbali. Akaomba magari kwa matajiri, akayatia mashine. Alitengeneza magari kama 20, na vyumba vya mionzi kama 200 katika hospitali za vita. Kisha akatambua kwamba gari lisilo na fundi halifai kitu. Basi tangu mwaka 1916 alifundisha wanawake wapatao 150 kazi ya kupiga picha. Yeye na binti yake Irène walikuwa miongoni mwa walimu. Kwetu sisi walimu, katika matendo yote ya mama huyu, lile la kufungua darasa ndilo kubwa kupita magari yote.

Miaka ikapita, ikaja mashine ya ajabu zaidi, iitwayo siti skani, ionyeshayo mwili vipande vipande kama mkate uliokatwa. Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, alianza kufikiri hesabu zake alipokuwa akifanya kazi katika hospitali ya Groote Schuur, Cape Town, mwaka 1956. Godfrey Hounsfield wa Uingereza akaiunda mashine yenyewe, na tarehe 1 Oktoba 1971 mgonjwa wa kwanza alipigwa picha ya kichwa huko London. Wote wawili walipewa tuzo ya Nobel mwaka 1979.

Hapo picha zikaongezeka kama nzige. Katika Marekani, mwaka 1980 picha za siti skani zilikadiriwa kuwa milioni 3. Mwaka 2006 zilizidi milioni 60. Je, wagonjwa walikuwa wameongezeka mara ishirini? La. Basi wataalamu wa mambo ya afya wakaketi kuchunguza hesabu. Uchunguzi mmoja uliotangazwa mwaka 1990 uliwalinganisha waganga wenye mashine yao wenyewe na wale waliopeleka wagonjwa kwa wengine; ukaonyesha kwamba wenye mashine waliagiza picha kwa kadiri ya mara nne zaidi kwa magonjwa yale yale. Mwenye shoka huona kila mti wafaa kukatwa. Wengine waliagiza kwa hofu ya kushtakiwa, na wengine kwa sababu mgonjwa mwenyewe aliitaka picha. Mwaka 2006 serikali ilitunga sheria ya kupunguza malipo ya picha, na mwaka 2012 vyama vya waganga vilianza kuwaonya wenzao juu ya picha zisizo na faida. Kwa mfano, maumivu ya mgongo yasiyo na dalili ya hatari hayahitaji picha katika majuma sita ya kwanza, maana mengi hupoa yenyewe.

Lakini wasomaji wa picha hawakuongezeka kwa kadiri ya picha. Kumfundisha daktari wa mionzi huchukua miaka mingi, na mashine hununuliwa kwa siku moja. Mwaka 2016 bingwa wa kompyuta, Geoffrey Hinton, alisema kwamba yafaa kuacha kuwafundisha madaktari hao, kwa kuwa katika miaka mitano, au labda kumi, kompyuta itawashinda. Hata hivyo hesabu ya mwaka 2023 ilionyesha kwamba Uingereza ilipungukiwa na madaktari wa mionzi kwa asilimia 30. Kompyuta zimekuja kweli, nazo zasaidia, lakini kazi haikuisha.

Sasa tugeuke tutazame kwetu. Wengine wana picha kupita haja. Shirika la Afya la Ulimwengu husema kwamba sehemu kubwa ya watu wa dunia, kama theluthi mbili, hawapati hata picha zilizo za lazima. Kenya, Tanzania, Uganda na Kongo zilitajwa mwaka 2021 katika orodha ya nchi 30 zenye kifua kikuu kingi. Mwaka huo huo Shirika hilo lilikubali kwamba, mahali pa kuwapima watu wazima na vijana wa miaka 15 na zaidi, kompyuta iweza kusoma picha ya kifua badala ya mtu, ili wenye dalili wapelekwe kupimwa makohozi. Hiyo ni heri kwa mahali pasipo na msomaji. Lakini kompyuta hiyo haimshiki mgonjwa mkono, wala haimsimamishi sawasawa mbele ya mashine, wala haijibu swali la mama aliyebeba mtoto.

Kwa hiyo twasema mambo mawili. Kwanza, mgonjwa asione haya kumwuliza mganga wake: "Picha hii itabadili dawa utakayonipa?" Swali hilo ni la adabu, na mganga mwema hulifurahia. Na aliyekwisha kupigwa picha aitunze, aende nayo safari nyingine, asipigwe tena bure.

Pili, twasema na wazazi na wazee wa vijiji. Serikali ikileta mashine, watu hupiga vigelegele, na wakubwa huja kukata utepe. Yafaa siku ile ile tuulize ni nani atakayeiendesha, na ni nani atakayesoma picha zake, na kama hayupo, ni mtoto wa nani atakayepelekwa kujifunza. Katika madarasa yetu wamo wasichana na wavulana wapendao hesabu na elimu ya mwanga na umeme. Tukiwaondoa shuleni mapema kwa ajili ya mahari au kuchunga, mashine itakaa chini ya turubai lake, na mgonjwa atapakiwa katika basi kwenda mji wa mbali, kama alivyofanya baba yake.