Mausi ya gemu isiyo na waya: ishike kwanza kabla hujalipa Kariakoo

Maduka mengi ya Kariakoo yana kibao kinachosema bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Ukinunua mausi ya gemu isiyo na waya, kikumbuke hicho kibao. Ukishapanda pantoni pale Feri kurudi Kigamboni, halafu ukagundua kiganja kinauma baada ya nusu saa ya kucheza, hela imeshakwenda. (Mausi ndiyo hiyo wengine wanaiita kipanya, siyo kile cha kubeba abiria.)

Kwenye boksi utaona namba kubwa za DPI na picha ya taa za rangi. Achana nazo kwanza. DPI unaweza kuipandisha au kuishusha, lakini umbo hulibadilishi. Mwambie muuzaji, "Bosi, naomba nifungulie niishike." Akigoma, nenda duka la pili. Mtaa wa Aggrey hauna uhaba wa maduka.

Anza na saizi. Pima mkono wako kwa rula, kutoka ncha ya kidole cha kati hadi mkunjo wa kifundo cha mkono. Wachezaji hukadiria urefu wa mausi uwe kama asilimia 60 ya hapo, yaani mkono wa sentimita 19 unataka mausi ya milimita 114 hivi. Siyo sheria, maana inategemea unavyoshika. Anayelaza kiganja chote anahitaji mgongo mrefu wenye nundu, kama Razer DeathAdder V3 Pro yenye milimita 128. Anayeshika kwa ncha za vidole tu ataona raha zaidi na fupi kama Logitech G305, milimita 116 na ushee.

Wa mashoto muwe makini. DeathAdder hiyo imeumbwa kwa mkono wa kulia, na hata zile zenye pande mbili zinazofanana mara nyingi zina vitufe vya dole gumba upande wa kushoto tu.

Uzito nao una hadithi yake. Zamani mausi nzito ilionekana ndiyo imara, na baadhi ya za bei rahisi zimewekewa kipande cha chuma ndani ili ujisikie umenunua kitu. Siku hizi wachezaji wanataka nyepesi: Logitech G Pro X Superlight ya mwaka 2020 haifiki gramu 63. G305 ina gramu 99 pamoja na betri yake moja ya AA. Betri ya alkali peke yake ni kama gramu 23, ya lithiamu kama 15, kwa hiyo kubadili betri tu unaisikia tofauti mkononi.

Sasa ibane ubavuni kwa nguvu. Ikilia kwaa kwaa, au kitufe kikajibonyeza chenyewe, gamba ni dhaifu. Itikise: gurudumu halitakiwi kucheza cheza. Igeuze uangalie miguu ya chini. Iliyo bora ni ya teflon, ile ile ya vikaango visivyogandisha, na kingo zake ziwe za mviringo zisikwaruze.

Mimi kinachonikera zaidi ni ule mpira laini wanaopaka ubavuni. Dukani unapendeza, ila kwa joto, unyevu na jasho la Dar, baada ya muda unaanza kunata kama umemwagiwa soda. Plastiki kavu yenye mikwaruzo midogo inadumu zaidi na inafutika kwa kitambaa.

Mwisho, kile kidude cha USB. Hakikisha kipo na kina sehemu yake ya kuhifadhiwa kwenye mausi, maana kikipotea mausi nyingi zinabaki pambo. Kama una kiunganishi cha OTG, kichomeke kwenye simu yako ya Android hapo hapo kaunta. Kishale kikitokea kwenye kioo, bonyeza vitufe vyote, zungusha gurudumu, halafu ndiyo uulize bei ya mwisho.