Kuuguza

Katika hospitali za Goma, ndugu anayelala kwenye mkeka kando ya kitanda cha mgonjwa huitwa garde-malade. Hupika, hufua, humgeuza mgonjwa asipate vidonda vya mgongoni, hukimbilia dawa. Kwa Kiswahili ni muuguzaji, tofauti na muuguzi aliyesomea kazi hiyo na kulipwa.

Tazama sarufi. Kupungua huzaa kupunguza: kufanya kitu kipungue. Kwa mwendo huo, kuuguza kungekuwa kumfanya mtu augue. Kumbe ni kumhudumia anayeugua. Wala neno haliahidi kupona. Hiyo ni kazi ya kuponya. Bibi aliyesahau majina ya wanawe huenda asipone, lakini anauguzika: anaoshwa, analishwa polepole, anajibiwa swali lilelile kila mara.

Tanzania, huduma ya kumpunguzia mgonjwa mateso huitwa tiba shufaa. Kampala, shirika la Hospice Africa Uganda, lililoanzishwa 1993, huwapa wagonjwa mofini ya maji ya kutuliza maumivu, wengi wakiwa majumbani. Hata maumivu yakitulia, kuuguza hakuishi, na Goma muuguzaji mara nyingi ni binti au mkwe asiye na wa kumpokea zamu.