Kombe Lilipohamia Chamazi: Ligi Kuu ya Tanzania Bara 2013/14

Msimu wa 2013/14 wa Ligi Kuu ya Tanzania Bara, wakati huo ikijulikana kwa jina la mdhamini wake Vodacom, ulianza Agosti 24, 2013 na kumalizika Aprili 19, 2014. Timu 14 zilicheza mechi 26 kila moja, nyumbani na ugenini. Azam FC ya Chamazi, nje kidogo ya katikati ya jiji la Dar es Salaam, ilitwaa ubingwa kwa pointi 62 bila kupoteza mchezo hata mmoja: ilishinda mara 18 na kutoka sare mara nane. Mara ya mwisho kwa timu nyingine nje ya Simba na Yanga kuchukua taji hilo ilikuwa mwaka 2000, pale Mtibwa Sugar ya Turiani, Morogoro, ilipolitetea kombe ililoshinda mwaka uliotangulia.

Kabla ya hapo mikoa ilikuwa na zamu zake. Mseto ya Morogoro ilikuwa bingwa mwaka 1975, Tukuyu Stars ya Mbeya mwaka 1986 ikiwa ndiyo kwanza imepanda daraja, na Coastal Union ya Tanga mwaka 1988. Karne mpya ilipoingia, mlango ukafungwa. Simba, yaani Wekundu wa Msimbazi, na Yanga, Wanajangwani, zina wanachama nchi nzima, na timu ndogo ikiibua mchezaji mzuri, haukupita muda kabla hajaonekana Kariakoo, yaliko makao ya klabu hizo mbili, akisaini karatasi.

Azam ilipita njia nyingine. Ilianzishwa mwaka 2004 na wafanyakazi wa kiwanda cha unga cha Mzizima, mali ya kampuni za Bakhresa, na kupanda Ligi Kuu mwaka 2008. Mashabiki wa timu kongwe waliibeza kwa jina la Wanalambalamba, kwa sababu ya aiskrimu zinazouzwa na kampuni mama. Kejeli hiyo haikuizuia kujenga. Kufikia 2010 ilikuwa na uwanja wake Chamazi, hosteli za wachezaji na akademi ya vijana, mambo ambayo Simba na Yanga, pamoja na umri wao wote, hazikuwa nayo. Ilimaliza ya pili msimu wa 2011/12 nyuma ya Simba, na ya pili tena 2012/13 nyuma ya Yanga.

Muundo wa ligi yenyewe unastahili kutazamwa. Kati ya timu 14, sita zilikuwa za majeshi: JKT Ruvu, Ruvu Shooting, Mgambo JKT ya Tanga, JKT Oljoro ya Arusha, Rhino Rangers ya Tabora na Prisons ya Mbeya. Mtibwa na Kagera Sugar zilikuwa za viwanda vya sukari. Coastal Union ilikuwa klabu ya wanachama ya mtindo wa zamani, na Ashanti United ya Ilala ilikuwa imepanda pamoja na Rhino na Mbeya City. Hii ya mwisho ilimilikiwa na Halmashauri ya Jiji la Mbeya na kufundishwa na Juma Mwambusi.

Simba ilianza kwa kishindo. Septemba 18 iliichapa Mgambo mabao 6-0, manne kati ya hayo yakifungwa na Amissi Tambwe, mshambuliaji kutoka Burundi aliyekuwa mgeni katika ligi. Siku nne baadaye Azam iliifunga Yanga 3-2 Uwanja wa Taifa, bao la ushindi likipachikwa dakika za mwisho na Joseph Kimwaga, kijana wa akademi ya Chamazi aliyeingia akitokea benchi. Kwa klabu iliyozoea kuambiwa kwamba inanunua kila kitu, bao lile lilikuwa jibu la kutosha.

Pambano la watani wa jadi, Simba na Yanga, la Oktoba 20 ndilo linalokumbukwa kuliko mchezo mwingine wowote wa msimu huo, ingawa halikuamua lolote. Yanga ilikwenda mapumziko ikiongoza 3-0, kwa mabao ya Mrisho Ngassa na Hamis Kiiza, aliyefunga mawili. Upande mmoja wa Taifa ulikuwa unaimba, upande wa pili umeanza kutafuta milango. Kipindi cha pili Betram Mwombeki akapunguza moja, Joseph Owino akaongeza la pili kwa kichwa, na Gilbert Kaze, Mrundi mwingine wa Simba, akasawazisha. Matokeo yakawa 3-3. Yanga ilitoka uwanjani kama iliyofungwa.

Wakati macho yakiwa huko, Mbeya City ilikuwa ikikusanya pointi. Ilimaliza mzunguko wa kwanza bila kufungwa, na mashabiki wake waliovaa zambarau waliifuata kwa mabasi hadi Dar es Salaam, jambo ambalo timu za mikoani zilikuwa zimelisahau. Novemba 7 ilikwenda Chamazi na kutoka sare ya 3-3, mabao yote matatu ya wageni yakifungwa na Mwagane Yeya. Msimamo wa nusu msimu ulikuwa hivi: Yanga pointi 28, Azam na Mbeya City 27 kila moja, Simba 24.

Dirisha dogo la usajili lilikuja na mtikisiko. Azam iliachana na kocha wake Mwingereza, Stewart Hall, na kumchukua Joseph Omog wa Cameroon, aliyekuwa ameipa AC Léopards ya Kongo-Brazzaville Kombe la Shirikisho la Afrika mwaka 2012. Simba ilimwondoa Abdallah Kibadeni na kumleta Zdravko Logarušić kutoka Croatia. Yanga, baada ya kufungwa 3-1 na Simba katika mchezo maalumu wa Nani Mtani Jembe mwezi Desemba, ilimtimua Mholanzi Ernie Brandts na kumwajiri Mholanzi mwenzake, Hans van der Pluijm. Kipa Juma Kaseja, aliyeachwa na Simba, na mshambuliaji Emmanuel Okwi wa Uganda, wote nyota wa zamani wa Msimbazi, walivaa jezi ya Jangwani. Timu zote tatu zilibadilisha makocha, lakini ni Azam pekee ambayo haikuyumba: Omog aliikuta timu imekamilika, akaiongezea nidhamu ya ulinzi na kuiacha iendelee na kazi.

Vita nyingine ilikuwa ya nje ya uwanja. Haki za kuonyesha ligi kwenye televisheni zilikwenda kwa Azam Media, kampuni ya nyumba ileile ya Bakhresa, kwa mkataba uliozipa klabu shilingi milioni 100 kila moja kwa msimu. Yanga iliupinga, ikiona haipaswi kulipwa sawa na timu zisizojaza hata jukwaa moja. Hoja yake ilikuwa na uzito wa kibiashara. Hata hivyo, kwa timu iliyokuwa ikisafiri kwa basi kutoka Tabora hadi Tanga ikitegemea mapato ya getini, fedha hizo zilikuwa pumzi.

Mzunguko wa pili ulipoanza, Yanga iliivunja rekodi ya Mbeya City ya kutofungwa kwa bao 1-0 la Ngassa, kisha ikaishindilia Ruvu Shooting 7-0. Machi 1, katika Ligi ya Mabingwa ya Afrika, iliifunga Al Ahly, bingwa mtetezi, 1-0 kwa kichwa cha nahodha Nadir Haroub “Cannavaro”, ikaja kutolewa kwa penalti nchini Misri. Machi 19 ilitoka sare ya 1-1 na Azam: Didier Kavumbagu alitangulia kufunga, Kelvin Friday akasawazisha. Pigo lenyewe lilikuja Machi 30 Uwanja wa Mkwakwani, Tanga. Mgambo, timu iliyokuwa ikipigania kutoshuka daraja, iliifunga Yanga 2-1, na siku hiyohiyo Azam ikaishinda Simba kwa idadi hiyohiyo.

Ubingwa uliamuliwa Aprili 13 Uwanja wa Sokoine, Mbeya, ikibaki mechi moja. Azam ilikuwa mbele ya umati uliokuja kuishangilia Mbeya City, na ikashinda 2-1 kwa mabao ya Gaudence Mwaikimba na John Bocco. Ilistahili Bocco awemo, kwa kuwa alikuwa na klabu hiyo tangu ilipokuwa ikihangaika kupanda Ligi Kuu. Nyuma yake walikuwapo Kipre Tchetche wa Ivory Coast, mfungaji bora wa msimu uliopita, Salum Abubakar “Sure Boy” na Himid Mao katika kiungo, Aggrey Morris na Erasto Nyoni katika ulinzi, na kipa kijana Aishi Manula.

Yanga ilimaliza ya pili kwa pointi 56, Mbeya City ya tatu kwa 49, na Simba ya nne kwa 38, pointi 24 nyuma ya bingwa. Tambwe aliibuka mfungaji bora kwa mabao 19. Ashanti, Oljoro na Rhino zilishuka daraja. Kumaliza bila kufungwa hakukuwa jambo la kwanza, kwani Simba ilifanya hivyo 2009/10 na kupata pointi 62 zilezile, lakini katika ligi ya timu 12 na mechi 22.

Ubingwa huo haukufungua njia kwa wengine. Azam ilitwaa Kombe la Kagame mwaka 2015, lakini katika Ligi ya Mabingwa ya mwaka huohuo ilitolewa na El Merreikh ya Sudan, na Omog akapoteza kazi. Mbeya City haikuifikia tena nafasi ya tatu katika miaka iliyofuata, na mwaka 2023 ilishuka daraja. Kuanzia 2014/15 hadi 2024/25, Yanga ilichukua taji mara saba na Simba mara nne.