Mafigo ya Mtoto Baada ya Kuhara Damu

Mama wa Bigwa, chini ya milima ya Uluguru, aonapo mtoto ameacha kuhara damu, hushukuru. Lakini mtoto huyo akipauka, akivimba uso, asikojoe, na apelekwe hospitali siku ile ile; mafigo yamepatwa.

Sababu yake ilikawia kujulikana. Mwaka 1897 Kiyoshi Shiga wa Japani alivumbua kijidudu cha kuhara damu. Mwaka 1955 Conrad Gasser wa Uswisi alieleza habari za watoto watano walioharibika mafigo, wala hakujua chanzo. Hata mwaka 1983 Mohamed Karmali na wenzake, huko Kanada, wakaona sumu ya kijidudu kingine cha tumboni, ndugu ya ile ya Shiga: huingia damuni, ikaziba mishipa myembamba ya mafigo. Kijidudu cha Shiga chenyewe kilizuka Zaire mwaka 1979, kikafika Burundi, jirani zetu.