Mwenye Ufunguo wa Hazina Ndiye Serikali

Ukikaa Kenya umeshasikia hii sentensi: "Hazina ya Kitaifa haijatuma pesa." Kila kaunti huisema, na sisi wa Thika na Ruiru tunadhani ni story iliyoanza na ugatuzi 2013. Zii. Watu wa Pwani waliijua kabla wazazi wetu wengi wazaliwe.

Anza 1895. Ukanda wa maili kumi wa Pwani ulikuwa wa Sultani wa Zanzibar. Waingereza hawakuununua, waliukodi kwa pauni 11,000 kwa mwaka. Yaani Mombasa na Malindi zilikodishwa kama bedsitter, na wenyeji hawakuulizwa. Ilikuwa hivyo mpaka Oktoba 1963, Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Muhammad Shamte, walipokubaliana ukanda ubaki Kenya.

Mwaka huo huo tukapata katiba ya majimbo. Mikoa saba, kila mmoja na bunge lake. Pwani iliongozwa na Ronald Ngala wa KADU. Cheo alikuwa nacho, bunge alikuwa nalo. Pesa ndizo zilikuwa Nairobi, na serikali ya KANU haikuwa na haraka ya kuachilia kazi wala fedha. Wabunge wa upinzani nao wakaanza kuhamia KANU. Novemba 1964 KADU ikavunjwa, Desemba tukawa jamhuri, na majimbo yakazikwa. Jeshi halikuhitajika. Mtu alifunga bomba tu.

Najua kuna wenye watasema majimbo yangegawanya watu kwa kabila. Hofu hiyo ilikuwa ya kweli, na wengi wetu huku tungeitwa wageni kule. Lakini haijibu swali la pesa.

Katiba ya 2010 ilijaribu kulijibu. Kifungu cha 203 kinazipa kaunti angalau asilimia 15 ya mapato ya kitaifa. Cha 219 kinasema fungu lao litumwe bila kuchelewa ovyo na bila kukatwa. Ngala hangeamini macho yake. Bado pesa huchelewa.

Kwa hivyo ukisikia sentensi hiyo tena, usiishie kutukana gavana. Uliza pesa zilitoka Nairobi tarehe gani, kisha muulize gavana alizipeleka wapi. Bila swali la kwanza, ugatuzi utakufa polepole vile majimbo yalikufa, na sisi tutakuwa busy tukimlaumu mtu mmoja.