Kungojeana Kusiko na Mwisho

Msomaji, ukitoka katikati ya mji wa Mombasa ukaelekea upande wa Kilindini, utafika Mbaraki, ambako mnara wa kale wa mawe ya matumbawe umesimama karibu na maji, si mbali na gati la meli. Zamani mizigo ya bandari hii iliandikwa kwa wino. Karani aliyeshika daftari alikuwa nalo peke yake; aliyelihitaji alisimama mezani pake akangoja, nao walionana kwa macho. Mwaka 2008 Mamlaka ya Bandari ya Kenya ilianza kutumia mfumo wa kompyuta uitwao KWATOS kuongozea kazi za bandari. Katika mifumo ya namna hiyo watu bado hungojeana, ila hawaonani.

Tuchukue mfano wa kubuni. Karani mmoja amefungua habari za meli, na hifadhidata imezitia kufuli ili mwingine asizibadili kwa wakati uo huo. Sasa anataka habari za ghala. Mwenziwe ameshika za ghala, naye anataka za meli. Hapana mvivu kati yao, wala aliyevunja kanuni. Hata hivyo, wakiachwa watangojeana mpaka kiyama. Nawe usidhani kwamba dawa ni kuondoa kufuli, kwani bila hilo kontena moja laweza kuandikiwa wenyewe wawili.

Ugonjwa huu ulijulikana kabla ya hifadhidata za leo. Mwaka 1965 Mholanzi Edsger Dijkstra aliueleza, akauita kumbatio la mauti. Jina la kutisha, lakini halikupotoka. Mwaka 1970 Edgar Codd, Mwingereza aliyekuwa rubani katika vita vya pili vya dunia, alitangaza wazo la kuweka habari katika majedwali yanayohusiana. Wazo lilikuwa zuri, lakini watu wengi walipoyaandika majedwali hayo kwa pamoja, kumbatio lilirudi. Aliyeshughulika sana na makufuli hayo ni Jim Gray, wa kampuni ya IBM huko San Jose, Marekani. Yeye mwenyewe alitoweka baharini tarehe 28 Januari 2007, akisafiri peke yake kwa jahazi lake kutoka San Francisco, wala hakuonekana tena.

Uchunguzi wenyewe si mgumu kama unavyodhaniwa. Andika jina la kila kazi, kisha chora mshale kutoka kwa anayengoja hadi kwa anayengojwa. Fuata mishale. Ikiishia kwa mtu anayeendelea na kazi yake, huko ni kuchelewa tu, na subira itatosha. Ikikurudisha ulikoanzia, hapo pana kumbatio, wala subira haifai kitu. Wengi hukosea hapa: wanaona foleni ndefu, wanakata kazi iliyokuwa karibu kumalizika.

Mashine huchora mishale hiyo zenyewe. PostgreSQL, isipobadilishwa, hungoja sekunde 1 kabla ya kuitazama. InnoDB ya MySQL kwa kawaida huitazama mara moja. Duara likionekana, kazi moja hutolewa mhanga: yote iliyoyaandika hufutwa, na nyingine hupita. Ndivyo wafanyavyo wenye mikokoteni wakikutana katika kichochoro cha Mji wa Kale. Mmoja hana budi kurudi nyuma.

Lakini kumwondoa mhanga si kuponya. Hapana budi kusoma kumbukumbu za tukio, kuona nani alishika nini kwanza. Mara nyingi utakuta kwamba programu mbili zinashika vitu vile vile kwa utaratibu unaopingana. J. W. Havender wa IBM alikwisha eleza dawa yake mwaka 1968: wote washike kwa utaratibu mmoja, meli kwanza, ghala baadaye.

Jambo moja mashine haifanyi: haiirudii kazi ya mhanga. Hiyo ni juu ya aliyeandika programu. Akisahau, dereva wa lori aliyelala njiani usiku kucha atafika langoni asubuhi na kuambiwa kwamba mzigo wake haumo.