Fundi Ameiba RAM? Historia ya Namba Isiyolingana

Swali hili nimeulizwa mara nyingi hapa Voi kuliko swali lingine lolote la kompyuta: "Nilipeleka laptopu kwa fundi ikiwa na RAM ya GB 4, imerudi na 3. Si ameniibia huyu?" Huulizwa na watu wa mjini na vilevile na wale wanaoteremka kutoka Wundanyi, Mwatate na Taveta kuja kutengenezewa mashine zao huku chini.

Si swali dogo. Katika mji kama wetu fundi akishaitwa mwizi, jina halimtoki tena, na duka lake litakosa wateja kabla mwezi haujaisha. Upande wa pili, mwalimu au mwanafunzi aliyeweka akiba muda mrefu akanunua laptopu ya mtumba, akipoteza nusu ya RAM amepoteza nusu ya mashine. Kwa hiyo kabla hatujamshika mtu shati, tujue kwanza namba ile ya RAM inatoka wapi. Ukiifuata historia yake utaona kwamba kompyuta haina namba moja ya RAM, ina kadhaa, na kila moja imeachwa na zama zake.

Zama za kwanza: RAM inahesabiwa mbele ya macho yako

RAM tunayotumia leo ilizaliwa mwaka 1966, pale Robert Dennard wa IBM alipobuni njia ya kuhifadhi biti moja kwa transista moja tu na chaji kidogo ya umeme. Hataza alipewa mwaka 1968. Mwaka 1970 Intel ikaanza kuuza chipu iliyoitwa 1103, ambayo ilibeba biti 1,024. Ndiyo, biti, wala si baiti. Chaji ile huvuja, ndiyo maana RAM lazima ikumbushwe kila mara, na umeme ukikatika husahau yote. Sisi tuliozoea stima kupotea tunalijua hilo bila kufundishwa.

IBM PC ilipotoka Agosti 1981, prosesa yake ya Intel 8088 ilikuwa na nyaya 20 za anwani, kwa hiyo iliweza kufikia megabaiti 1 tu, yaani kilobaiti 1,024. Waliobuni mashine wakazigawa: 640 kwa programu za mwenye mashine, 384 zikatengwa kwa ajili ya skrini na mambo ya ndani ya mashine yenyewe. Hapo ndipo tofauti ilipoanza, RAM uliyonunua ni kitu kimoja na RAM unayoruhusiwa kutumia ni kingine.

Lakini mashine za zamani zilikuwa na uungwana mmoja. Ukiiwasha, ilihesabu RAM yake kwenye skrini, namba zikipanda mbele yako mpaka zifike mwisho. Ukitoka kwa fundi uliona mwenyewe hesabu. Kompyuta za siku hizi huficha hesabu hiyo nyuma ya nembo ya kampuni ili ziwake haraka, na mteja hana tena kitu cha kushuhudia.

Zama za pili: ukuta wa GB 4

Mwaka 1985 Intel ilitoa prosesa ya 80386, yenye anwani za biti 32. Biti 32 zinatoa anwani 4,294,967,296, ambazo ni GB 4 kamili. Wakati ule mashine nyingi zilikuwa na megabaiti chache, na GB 4 ilionekana kama bahari.

Fikiria posta ambayo namba za masanduku yake zina tarakimu tatu tu, 000 hadi 999. Ukijenga sanduku la 1,001 hakuna namba ya kulipa. Tena, namba kadhaa za juu zimeshatengewa polisi, hospitali na posta yenyewe. Basi hata ukiwa na masanduku 1,000 kamili ukutani, wananchi watapata labda 750. Masanduku mengine yapo, yana milango na kufuli, ila hakuna barua inayoweza kuyafikia.

Hivyo ndivyo mfumo endeshi wa biti 32 unavyofanya kwenye laptopu ya GB 4. Anwani za juu huchukuliwa na chipu ya picha, vifaa vya mtandao na vinginevyo, na kinachobaki huwa kama GB 2.9 hadi 3.5 kutegemea mashine. Dawa ilikuwa ni kuongeza tarakimu. AMD ilileta prosesa za biti 64 kwa kompyuta hizi zetu mwaka 2003, Opteron mwezi Aprili na Athlon 64 mwezi Septemba. Lakini prosesa pekee haitoshi, mfumo endeshi nao lazima uwe wa biti 64, na hapo ndipo kwa miaka mingi watu wengi walikwama.

Microsoft nayo ilivuruga mambo kidogo. Windows Vista ilipotoka mwaka 2007 ilionyesha RAM inayotumika tu. Sasisho lake kubwa la kwanza, mwaka 2008, likabadilisha likaonyesha RAM iliyofungwa. Windows 7 ya mwaka 2009 ikaonyesha zote mbili, ya pili ikiwa ndani ya mabano. Namba tofauti, na kila moja ni ya kweli kwa namna yake!

Laptopu ya dada yangu

Mwaka 2011 dada yangu, mwalimu wa sekondari milimani, alileta laptopu yake kwenye duka moja hapa mjini ibadilishiwe diski iliyokufa. Ilikuwa na GB 4, Windows 7. Iliporudi, ndani ya mabano paliandikwa 2.99. Shemeji alikuwa tayari kwenda kituoni kuandikisha OB. Dada akasema, "Ngoja kwanza kaka yangu aitazame."

Nilifungua kifuniko cha chini kwa bisibisi. Vipande viwili vya GB 2 vilikuwa vimekaa mahali pake, wala skrubu hazikuonyesha haraka yoyote. Kilichobadilika ni Windows. Ya kwanza ilikuwa ya biti 64, fundi akaweka ya biti 32. Nilipomwendea na kumuuliza, jibu lake lilikuwa la kweli kabisa: diski ya biti 32 inakubali mashine zote, mpya na zile za kale kutoka Ulaya, kwa hiyo alibeba hiyo moja tu. Mtu anayetengeneza laptopu za kila aina huchagua kifaa kisichomwangusha. Tuliweka ya biti 64 na zile GB zikarudi. OB haikuandikwa.

Kipimo kimoja kwa wote

Sasa tusidanganyane, wizi wa RAM pia upo. Unawezekana kwa sababu ya jambo ambalo kwa upande mwingine ni neema: vipande vya RAM vina viwango. Kipande cha laptopu cha DDR3 kinaingia kwenye laptopu ya kampuni hii na ya kampuni ile.

Mtu wa Voi ana mfano karibu. Reli ya Uganda iliyoanzia Mombasa mwaka 1896 ilikuwa ya upana wa mita 1. Reli ya Wajerumani kutoka Tanga kwenda Moshi nayo ilikuwa ya mita 1. Vita vilipokuja, Waingereza walianza mwaka 1915 kujenga tawi kutoka Voi kuelekea Taveta, na baadaye likaunganishwa na reli ya adui pale Kahe, karibu na Moshi. Behewa la upande mmoja liliweza kutembea kwenye reli ya upande wa pili. Lakini SGR iliyozinduliwa Mei 2017 ina upana wa milimita 1,435, kwa hiyo ingawa njia zote mbili zinapita Voi, behewa la moja haliwezi kutembea kwenye nyingine.

RAM ni vivyo hivyo. DDR2, DDR3, DDR4 na DDR5 zina pengo mahali tofauti ili zisiingiliane. Ila ndani ya kizazi kimoja, kipande kilichotolewa kwako kinaweza kuuzwa kwa mwingine jioni hiyohiyo. Kiwango kilichompa fundi wa mji mdogo riziki ndicho kilichompa mwizi soko. Kampuni kadhaa sasa zimeigandisha RAM kwa risasi kwenye bodi kuu, kama MacBook Air tangu mwaka 2008. Hiyo haiibiwi kirahisi, lakini pia huwezi kuiongeza.

Jinsi ya kupima kabla ya kulaumu

1. Tazama kama mfumo ni wa biti 32 au 64. Ikiwa ni 32 na una GB 4, umepata jibu. Windows 11 haina toleo la biti 32, lakini Windows 10 ililikuwa nalo, na mashine za zamani zilizowekewa toleo hilo bado zipo.

2. Angalia RAM iliyotengwa kwa ajili ya vifaa. Chipu ya picha isiyo na RAM yake hukopa ya mashine. Ukikuta 7.8 badala ya 8, tulia.

3. Fungua msconfig, sehemu ya kuwasha mashine, uone kama kuna aliyeweka kikomo cha RAM. Kiondoe.

4. Uliza vipande vyenyewe. Kila kimoja kina chipu ndogo iliyoandikwa ukubwa na, mara nyingi, namba yake ya pekee. Kwenye PowerShell ya Windows andika:

Get-CimInstance Win32_PhysicalMemory | Select DeviceLocator, Capacity, SerialNumber

Kwenye Linux:

sudo dmidecode -t memory

Kwenye PowerShell, kipande cha GB 4 kitajitaja kuwa ni 4294967296, ile namba yetu ya juu. Hesabu hii haitegemei kama Windows ni ya biti ngapi.

5. Kipande kikiwa hakionekani, zima mashine, toa betri, kichomoe na usugue meno yake polepole kwa raba safi ya kufutia penseli. Vumbi letu jekundu la Tsavo linaingia kila mahali, na kipande kisichogusa vizuri ni sawa na kisichokuwepo.

Ukifanya yote hayo na nafasi moja ni tupu, basi huenda kuna kilichotolewa. Hapo ndipo panapouma. Kijana mmoja wa chuo aliniletea laptopu ambayo, kwa maneno yake, ilikuwa na GB 8. Nilikuta kipande kimoja cha GB 4 na nafasi ya pili wazi. Fundi wake alishikilia kwamba ililetwa hivyo. Kijana hakuwa na picha, risiti wala namba. Huenda kijana alisema kweli, huenda fundi ndiye. Mimi na ujuzi wangu wote wa programu sikuweza kuamua, na GB 4 zile hazikurudi.

Bei ya RAM nayo haitabiriki. Mwaka 1993 kiwanda cha Sumitomo kule Niihama, Japani, kilicholisha dunia gundi ya kufungia chipu, kililipuka na bei zikaruka. Mwishoni mwa mwaka 2025 zilipanda tena kwa sababu ya njaa ya mashine za akili bandia, hata Micron ikatangaza kuacha kuwauzia wateja wa kawaida RAM za Crucial. Kipande kikipanda bei, kishawishi nacho hupanda.

Kwa hiyo andika ile amri kabla ya kutoka nyumbani, ipige picha kwa simu, na mwombe fundi aandike namba hizo kwenye risiti mkiwa wawili mezani. Fundi mwaminifu atafurahi, maana karatasi hiyo inamlinda yeye kama inavyokulinda wewe.